Alama ya Reli

Saa moja kasorobo, Bondeni. Umeme umerudi
baada ya kukatika usiku kucha.
Feni yakohoa vumbi. Printa imejinyoosha.
Mashine imewaka, ikaonyesha nembo yake,
halafu giza.
Halafu nembo.
Halafu giza tena,
kama mtu abishaye hodi akaitikiwa karibu,
na mguu ukifika kizingitini
mlango wamfungikia usoni.

Mwalimu Mwakio amesimama kaunta, flashi mkononi:
mtihani wa gredi ya sita, nakala mia na arobaini,
kengele saa mbili.
"Imekufa?" auliza.
Haijakufa, mwalimu. Yazunguka.
Kufa kuna heshima yake.

Wewe ndiwe uliyeileta hii, Shekue.
Ulisema madirisha ni ya watu wenye hela ya leseni.
Ulikesha siku mbili ukiipakia, miguu juu ya rimu,
kisha mwaka wa tatu ukaenda Jubail
ukaniachia deni la karatasi
na salamu moja ya sauti, sekunde kumi na moja,
nane kati yake upepo.

Lakini jambo moja ulinifunza:
nyumba ina mlango wa mbele, wa kuonyesha watu,
na mlango wa uani, wa wenyewe.
Vidole vitatu. Kontro, Alta, F tatu.
Nimebonyeza.
Kioo kikawa cheusi, safari hii cheusi cha haki,
na kistari cheupe kikipepesa pembeni:
hakuna picha, hakuna kipanya,
hakuna lile ua la asumini uliloliweka nyuma ya saa.
Jina? Nimeandika langu.
Nywila? Hapo hata nyota hazitokei,
wachapa gizani ukiviamini vidole.
Ikanifungulia.

Nimesoma kumbukumbu za asubuhi toka chini kwenda juu
kama asomaye daftari la mkopo.
Mengi si maneno ya mwanadamu.
Ila mstari mmoja umerudiwa mara hamsini na tatu:
mtumiaji shekue hajulikani
mtumiaji shekue hajulikani

Nikakumbuka.
Jumapili nilikufuta. Amri moja tu,
wewe na nyumba yako na vyombo vyake:
picha, hesabu, ile barua uliyoianza
ukaiachia kwenye neno "Kwa".
Nikafunga duka, nikanunua viazi karai vya mia,
nikavila vyote nimesimama.
Nilisahau kwamba siku tuliyofungua duka
uliiagiza mashine, ikiamka tu,
ikufungulie wewe bila kuuliza.
Basi yakuita. Huitiki.
Yafumba, yafumbua, yakuita tena.
Hamsini na tatu.
Mimi nilipiga simu mara tatu nikachoka.

Faili lenyewe fupi. Nimelifungua kavukavu,
kwa vishale tu, chini, chini, mpaka kwenye jina.
Ningeweza kuung'oa ule mstari mzima.
Kidole kilikuwa pale pale, nakuapia.
Mwalimu akakohoa, akatazama saa,
nami nikatia alama ya reli mwanzoni, basi.
Mashine ikikuta reli hupita bila kusoma.
Maneno yapo. Hayaamrishi.

Nikahifadhi. Nikaiamsha upya.
Nembo. Giza, na roho ikanipanda kooni,
kisha kisanduku cha kijivu kikajitokeza
kikauliza kwa adabu:
Nani?

Zimetoka nakala mia na thelathini na nane, wino ukakata.
Mbili mwalimu ameziandika kwa mkono
hapa hapa kaunta, jasho likimdondoka kwenye swali la nne,
kwa ile kalamu yako yenye jina la benki.
Hajairudisha.